Samaki waingie nyumbani, mfereji ubaki nje

Kufuga samaki wadogo wa rangi katika tangi la kioo sebuleni ni jambo jema kwa afya ya watu wa nyumba yako. Najua wapo watakaoguna, hasa wakazi wa Matuu na sehemu nyingine za Yatta, ambako ukame si hadithi ya redioni. Hata hivyo natetea jambo hili kwa sharti moja tu: samaki waingie nyumbani, lakini mfereji ubaki nje.

Nieleze maana yangu. Mfereji wa Yatta ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Unachota maji ya mto Thika na kuyapeleka umbali wa kilomita 60 hivi katika nchi kavu. Bila mfereji huo mashamba mengi ya mboga na matunda yasingekuwapo. Lakini maji yanayokwenda polepole, yenye majani kando, ndiyo makao yanayopendwa na konokono. Na konokono wa maji baridi ndiye anayebeba kichocho.

Machakos inaujua ugonjwa huo vizuri. Katika miaka ya 1980 watafiti walifanya kazi kubwa huko juu ya kichocho cha tumbo miongoni mwa wanafunzi. Jambo moja lililojitokeza ni kwamba watoto wadogo wakishatibiwa huambukizwa tena kwa wepesi kuliko watu wazima. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo waliokwisha kukomaa mwilini, lakini haimkingi mtoto atakayerudi majini kesho.

Sasa fikiria mtu aliyenunua tangi. Anataka lipendeze. Anamtuma kijana mferejini alete ndoo ya maji, majani mabichi, kokoto, na konokono wawili watatu wa kusafisha kioo. Anaona amepata vitu vya bure. Kumbe ndani ya ndoo hiyo huenda yumo konokono mdogo, bapa, mwenye upana wa sentimita moja tu, ambaye tayari ana vimelea. Konokono wa namna hiyo huachilia viluwiluwi vya kichocho kwa mamia, hata maelfu, kila siku, hasa mwanga ukiwa mkali. Viluwiluwi hivyo havionekani kwa macho, na hupenya ngozi kwa muda wa dakika chache. Mtoto akitia mkono ndani ya tangi ili amguse samaki, hana tofauti na yule aliyekwenda kuoga mferejini.

Ndiyo maana nasema hatari haiko kwa samaki. Iko katika kile tunachomletea samaki.

Je, tuache ufugaji huu kabisa? La. Mwaka 1984 Aaron Katcher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliotazama tangi la samaki kabla ya kufanyiwa upasuaji wa meno walipungukiwa na wasiwasi. Mtu anayerudi nyumbani baada ya kubanwa ndani ya matatu kutwa nzima haitaji kuambiwa thamani ya utulivu huo. Isitoshe, mtoto anayepewa kazi ya kulisha samaki kila siku hujifunza kutunza kiumbe kisichoweza kulia njaa.

Lakini lazima ujue unafuga nini. Samaki wengi wa aina hii huishi kwa kundi. Yuko neoni, mwenyeji wa Amazon, ambaye hazidi sentimita nne, mwenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu ubavuni kuelekea mkiani. Yuko danio wa India, mwenye milia ya buluu ubavuni. Ukimweka mmoja peke yake atajificha pembeni, rangi itafifia na hatadumu. Wasipungue sita. Kwa mkazi wa Matuu mimi ningependekeza danio, kwani neoni hupenda maji laini yasiyo moto sana, nayo maji ya visima vya Ukambani mara nyingi ni ya chumvichumvi. Danio ni mvumilivu zaidi.

Kuhusu maji, tufanye hesabu. Tangi la lita 60 hujazwa kwa mitungi mitatu ya lita 20. Kila wiki unabadilisha robo tu, yaani lita 15, ambazo hazifiki hata mtungi mmoja. Maji yanayotolewa yana kinyesi cha samaki, nacho ni mbolea. Mwagia sukuma wiki shinani. Hakuna kilichopotea.

Maji ya mfereji wa bomba huwa na klorini inayoua samaki. Yaache ndooni kwa siku mbili. Maji ya tangi la mvua au ya kisima pia yanafaa, mradi hayana chumvi nyingi. Na kama huna budi kutumia maji ya mto au mfereji, yachuje kwa kitambaa safi ili konokono asipite, kisha yaache siku mbili kabla ya kuyagusa, kwani viluwiluwi vya kichocho visipopata mwili wa mtu hufa katika muda huo. Wakati wa kuyachota na kuyachuja, usiyatie mkono wala mguu. Ndoo ifunikwe, mbu wasije wakataga mayai humo. Majani ya plastiki yanatosha. Kokoto zimwagiwe maji yanayochemka kabla ya kutumiwa.

Usiharakishe kuweka samaki. Tangi jipya huhitaji wiki kadhaa ili bakteria wazuri wamee, wale wanaoigeuza sumu ya amonia itokanayo na kinyesi. Anza na samaki wachache na chakula kidogo. Wengi huweka ishirini siku ya kwanza, na wiki ya pili wanazika.

Aidha, usitie mkono wenye kidonda ndani ya tangi. Kuna bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu ambao huishi katika maji ya samaki. Huingia kwenye mchubuko na kuleta vipele au vidonda vya vidoleni na mkononi, ambavyo hukaa kwa miezi. Ukipata kidonda kisichopona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipoambiwa, huenda asikifikirie kabisa chanzo hicho. Nawa kwa sabuni kila umalizapo kazi ya tangi, na watoto vilevile. Usioshee vyombo vyake pale mnapooshea sahani.

Nimalizie na wale wanaochoka. Samaki wakizidi, au mwenye nyumba akihama, wapo wanaoona ni huruma kuwamwaga mferejini "wakajitafutie". Hiyo si huruma. Gugumaji lililolikaba Ziwa Victoria tangu mwaka 1990 hivi lilikuwa ua la urembo lililotoka Amerika Kusini. Mbuta naye aliletwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Mfereji wa Yatta huanzia mtoni, na samaki anayetupwa humo haulizi mipaka ya shamba. Wape jirani, au shule iliyo karibu. Wakifa, wazike. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse samaki.

Msomaji wa Nairobi asidhani haya ni ya watu wa Matuu peke yao. Mito na mabwawa yenye konokono yako mengi nchini, na tabia ya kuchota majani ya bure haina mji. Nunua samaki wako, uwaweke kwa kundi, uwape maji safi. Na kijana akikuuliza kama akuletee konokono kutoka mferejini, mwambie konokono wana kwao. Kinga ni bora kuliko tiba.