Madaftari ya Mwalimu Andrée

Habari ya wiki hii ni ya kweli, na ni nzito kidogo. Ombeni mama au dada mkubwa aisome pamoja nanyi.

Mwaka 1940 jeshi la Wanazi kutoka Ujerumani liliteka Ubelgiji. Wanazi waliwachukia Wayahudi. Mwaka 1942 waliwalazimisha kushona nyota ya manjano kwenye nguo, hata watoto wa miaka sita. Kisha wakaanza kuwakamata na kuwapakia ndani ya treni, baba, mama na watoto, mpaka Auschwitz, kambi ya kuulia watu.

Katika shule moja ya Bruxelles kulikuwa mwalimu kijana, Andrée Geulen. Alipoona baadhi ya wanafunzi wake wamekuja na nyota kifuani, aliamuru darasa lote livae aproni. Hivyo hakuna aliyejua nani ana nyota na nani hana.

Baadaye akaingia katika kikundi cha siri kilichoficha watoto. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwachukua, akawapeleka kwa masista, kwa wakulima, na kwa familia zilizokubali kuwapokea.

Wamama hawakuambiwa watoto wao wanapelekwa wapi. Mtu akikamatwa na kuteswa, anaweza kutaja asilotaka kutaja. Mara nyingi hata ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, huyu kwa masista, yule shambani. Tena kila mtoto alipewa jina jipya. Fikirini: mama anakuita Sara, na leo unaambiwa wewe ni Suzanne, usikosee hata usingizini.

Je, vita ikiisha, Sara atamjuaje mdogo wake, naye mdogo atampataje Sara? Kikundi kilifikiri. Kila mtoto alipewa namba. Daftari moja liliandikwa jina la kweli, lingine jina la uongo, lingine mahali alipofichwa. Madaftari yalitunzwa mbalimbali. Adui akikamata moja tu, halimsaidii kitu. Ukiyaweka yote pamoja, namba inakuonyesha mtoto.

Bruxelles ilikombolewa Septemba 1944. Madaftari yakafunguliwa, na Andrée akaanza kazi ya kuwarudisha watoto. Wengine walipata mama yao. Wengi hawakupata, kwa sababu wazazi hawakurudi kutoka Auschwitz. Kwa hao, ndugu aliyeandikwa katika daftari ndiye aliyekuwa jamaa yote iliyobaki.

Kikundi hicho kiliokoa watoto zaidi ya 2 000. Mwalimu Andrée alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 100.

Kazi ya nyumbani: mtoto aandike jina lake lote, majina ya baba na mama, ya ndugu zake wote, na kijiji cha babu. Wadogo wasiojua kuandika, wafundishwe kuyasema bila kusita. Wamama, muwasikilize jioni hii kabla ya kulala.