Shorumu au fundi wa Corner: nani ashike gari lako?

Jumamosi asubuhi pale Dagoretti Corner, Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, boneti huwa zimefunguliwa mapema kuliko maduka. Vitz, Fielder, Note, Demio, na Probox ya mtu wa maziwa. Fundi yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na mwenye gari kasimama kando akijifanya anaelewa. Waulize vijana hawa kwa nini hawapeleki magari kwa wakala rasmi, watakujibu kwa sauti moja: "Huko ni kunyolewa bila maji." Waulize wanaopeleka kwa wakala kwa nini hawashuki Corner, nao wana lao: "Wale wa mtaa watakutolea spea nzima wakuwekee iliyokufa ya mtu mwingine."

Kila upande una visa vya kweli, na kila upande unavipenda visa vyake kupita kiasi. Tatizo ni kwamba tunabishana kuhusu nani mwaminifu, kana kwamba uaminifu huishi kwenye jengo la vioo ama kwenye ovaroli yenye grisi. Kabla ya kutoa funguo, ni afadhali kujiuliza: ni gari gani hili, linahitaji kazi gani, na mimi nitabaki na karatasi gani mkononi?

Tuanze na gari lenyewe. Magari mapya kabisa yanayouzwa Kenya ni elfu kumi na kitu tu kwa mwaka. Mengi ya yale tunayoendesha vijana ni mtumba kutoka Japani, yaliyoingia chini ya kanuni ya KS 1515 ya KEBS: usukani uwe kulia na umri usizidi miaka 8. Ndiyo maana Ngong Road imejaa yadi. (Hata sehemu ya upanuzi wa barabara hiyo ilifadhiliwa na Japani, kwa hivyo gari ni la Wajapani, lami ni ya Wajapani, na foleni ndiyo yetu.)

Sasa, wakala rasmi wa Mombasa Road au Lusaka Road hakukuletea hiyo Aqua yako. Ililetwa na mwenye yadi, ikapita Mombasa, ikapanda lori. Waranti ya mtengenezaji haipo, au iliishia Osaka. Ile hoja kubwa ya wakala, kwamba usipofanyia sevisi kwake waranti inakufa, haikuhusu hata kidogo. Wewe ukienda kwake ni mteja wa kawaida anayenunua huduma, kama anayenunua soda. Unaweza kulinganisha bei, unaweza kukataa, na unaweza kuondoka.

Hilo halimaanishi hana cha kukuuzia. Ana kompyuta yenye programu ya mtengenezaji, si ile mashine ndogo ya elfu mbili inayosoma nusu ya makosa. Ana oili na majimaji yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tena ana mlango ambao mwezi ujao utakuwa bado pale pale, na meneja unayeweza kumwandikia barua. Kwa kazi fulani hayo yana thamani kubwa.

Ila tujue pia anapopatia riziki. Biashara ya magari duniani kote hupata sehemu kubwa ya faida yake gereji na kwenye spea, kuliko kule shorumu kwenye maua na kahawa ya bure. Kule Marekani ni jambo la kawaida yule mshauri anayekupokea kaunta kulipwa kamisheni kwa kila kazi anayoiongeza kwenye invoisi. Hata pasipo na kamisheni, mtu anayezungumza nawe si yule anayeshika spana. Yeye anasoma orodha: kusafisha nozeli, dawa ya kuosha injini, kubadilisha filta ya kiyoyozi uliyobadilisha miezi mitatu iliyopita. Hamna uongo hapo. Ni menyu, nawe una haki ya kusema hii ndiyo naitaka, hii sitaki. Shida ni kwamba wengi wetu tukiingia jengo lenye vigae tunaona haya kuuliza bei.

Kwa fundi wa mtaa haya hiyo haipo. Unaona kila kitu, unashika boliti mwenyewe, unabishana hadi mnacheka. Ufundi wake huwa elfu moja, elfu moja na mia tano kwa sevisi ndogo, na spea unanunua mwenyewe Kirinyaga Road ukitaka. Kwa oili, filta, brekipedi, balbu, na raba za sasipensheni zilizolegezwa na mashimo ya Kawangware, fundi unayemjua anatosha kabisa, na ukimwacha kwa ajili ya vioo vya shorumu utakuwa umeacha mbachao kwa msala upitao.

Hatari inaanza pale gari linapokuwa jipya kuliko ujuzi. Chukua gia boksi ya CVT, ile isiyokata gia, iliyoko kwenye magari mengi madogo tuliyonunua miaka hii. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na majimaji yake yametengenezwa ili mkanda huo ushike bila kuteleza. Ukimimina majimaji ya gia boksi ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza na chuma kinaanza kusaga chuma. Tena kila kampuni ina aina yake: Nissan wana NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana zao. Baadhi ya gia boksi hizi hazina hata kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa majimaji yakiwa kwenye joto maalum, gari likiwa limenyooka. Fundi akikwambia "hii majimaji ni universal, hakuna noma", hilo ndilo neno la kukufanya uchukue funguo zako na uende.

Au oili. Injini nyingi za hizi 1000cc na 1300cc zilitengenezewa oili nyepesi, 0W-20. Mtaani utaambiwa Nairobi ni joto, weka 20W-50 "izito ilinde injini". Oili hiyo nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, wakati ambapo injini huchakaa zaidi, na inaongeza unywaji wa mafuta. Plagi nazo: za iridiamu huweza kufika kilomita 100,000, lakini kuna mafundi wanaozitoa kila baada ya miezi michache na kukuwekea za bei rahisi. Zile zilizotolewa zilienda wapi? Uliza. Kwenye Aqua, kuna tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma linalopoza betri ya haibridi. Vumbi letu likiliziba, betri inachemka na kufa mapema. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini lazima mtu ajue liko pale.

Fundi anayejua haya yote yupo Corner, na tunawajua wa aina hiyo. Wapo pia walio shorumu wasiojali. Ujuzi hauna anwani. Mwenye cheti cha majaribio ya ufundi ya NITA, kuanzia Gredi ya III hadi ya I, hataona ubaya ukimwomba akuonyeshe. Anayekasirika kwa sababu umeuliza amekujibu tayari.

Kwa nini tunashikilia jambo dogo kama kubadilisha oili? Kwa sababu kwa vijana wengi gari si mapambo. Tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 na wenzake wakafuata, Vitz iliyonunuliwa kwa mkopo wa Sacco imekuwa ofisi. Gari likilala gereji siku nne, kodi haijalipwa na mkopo unaendelea kuhesabu. CVT ikifa, unatafuta gia boksi ya mtumba, isiyo na dhamana ya maana, kwa pesa za miezi kadhaa ya mkopo. Na brekipedi bandia zinakupeleka kwingine kabisa, hasa ukiteremka mlima na abiria watatu nyuma.

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Sheria ipo. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaenda mbali zaidi, kwani ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inataka upewe makadirio ya gharama, kazi isifanywe bila idhini yako, bei isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio uliyopewa, na spea zilizotolewa zirudishwe kwako ukizitaka. Haisemi "shorumu peke yake" wala "jua kali peke yake". Anayepokea gari lako kulitengeneza kwa malipo, inamhusu.

Ni wangapi kati yetu tumewahi kuomba makadirio kwa maandishi? Tunaagizia chapo mbili kwenye programu ya simu na kupata risiti, lakini gari la laki saba tunalikabidhi kwa "sawa boss, utanipigia". Tukishapigiwa tunaanza kulia kwenye mitandao.

Ombi hili halihitaji wakili. Kwa fundi wa mtaa, ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Brother, kama tulivyosema, oili 0W-20 lita nne, filta, ufundi elfu moja mia mbili. Ukipata kingine niambie kwanza." Umeandika tarehe, umeandika kazi, umeandika bei. Akikupigia kusema bushi zimekwisha, mwambie atume picha. Kwa wakala, omba makadirio kabla ya kuketi kunywa kahawa yao, na uwaambie mapema kabisa kwamba spea za zamani utaondoka nazo kwenye boksi. Hata kama huna haja nazo. Utashangaa orodha inavyofupika.

Kuna wenzetu wachache wenye bahati ya gari jipya, na kwao hadithi ni nyingine. Wao wana waranti kweli, na wamefungwa nayo. Kila kilomita elfu kadhaa lazima warudi kwa wakala na kulipa bei ya wakala, hata kwa kazi ambayo fundi yeyote aliyesoma angeifanya vizuri. Kwa sasa tunawashauri waende, wapige muhuri kitabu cha sevisi, na wasicheze na tarehe. Lakini haipaswi kubaki hivi. Afrika Kusini, tume yao ya ushindani ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, unaomruhusu mwenye gari lililo kwenye waranti kulifanyia sevisi kwenye gereji huru bila kuipoteza waranti yote. Marekani wamekuwa na sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975, inayomzuia mtengenezaji kuifunga waranti kwenye spea au huduma ya kulipia ya jina lake.

Sisi tuna Mamlaka ya Ushindani, na tunaitaka itoe mwongozo wa aina hiyo hapa. Watakaofaidi si wenye magari mapya tu. Gereji ndogo ya Riruta ikijua inaweza kupata gari lenye waranti, itakuwa na sababu ya kununua mashine halisi, kupeleka kijana wake NITA, na kutoa risiti yenye jina. Leo hana sababu hiyo, kwa maana kazi hizo zimefungiwa mlango kabla hajabisha.

Mawakala watasema usalama wa mteja utaathirika. Watuonyeshe basi kwa nini kubadilisha filta ya hewa ni suala la usalama likifanyiwa Riruta, na si suala likifanyiwa Industrial Area.

Na kwa yule ambaye bado anatembea yadi za Ngong Road akitafuta gari la kwanza, kuna kazi moja ya sevisi ya kufanya kabla hata hujalipa. Fungua mlango wa dereva, uangalie pembeni mwa fremu na chini ya boneti. Mara nyingi utakuta stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani: ni ya oili iliyobadilishwa kule, pamoja na tarehe na kilomita. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu yao ya Reiwa, ongeza 2018, kwa hivyo R5 ni 2023. Kisha tazama dashibodi. Stika ikisema kilomita 112,000 na dashibodi ikisema 68,000, usimpigie fundi wala wakala. Piga picha zote mbili, umwonyeshe mwenye yadi, na pesa zako zibaki kwenye simu.