Manukato Yakae Nguoni

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika harufu nzuri. Nguo hufukizwa udi, bibi harusi huvishwa kikuba cha asumini, na mwanamume aendaye kuswali Ijumaa kujitia manukato ni sunna. Hayo siyapingi. Ninalolipinga ni kuipaka ngozi, tena ya mtoto mchanga, mafuta ya dukani kwa sababu tu yananukia.

Harufu haiponyi ngozi wala hailainishi. Hutiwa ili kumvutia mnunuzi na kuficha harufu ya vitu vingine vilivyomo. Chupani huandikwa neno moja tu, "parfum", nalo laweza kusitiri makumi ya vitu. Umoja wa Ulaya uliamuru tangu mwaka 2005 kwamba 26 kati ya vitu hivyo vitajwe kwa majina vinapozidi kiasi fulani, kwa kuwa ngozi za watu wengine huvikataa. Mwaka 2023 ukaongeza vingine zaidi ya 50.

Wala asiseme mtu kwamba cha asili hakidhuru. Eujenoli, iliyomo katika karafuu zetu, imo katika orodha hiyo. Na ngozi ikishakikataa kitu, huenda ikakikataa maisha.

Basi, ndugu msomaji, jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko kwa siku chache. Mtoto mpake mafuta yasiyotiwa manukato. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Udi na ubaki nguoni. Mtoto anayo harufu yake, nayo yatosha.