Nyaya za Umeme Moshi: Sayansi Yasemaje Kuhusu Seli za Mwili?

Kadiri huduma ya umeme inavyosambaa kutoka Moshi mjini hadi vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ndivyo wananchi wanavyostahili jibu la wazi kwa swali moja: je, nyaya zinazopita jirani na nyumba na vihamba hudhuru seli za mwili?

Umeme wa gridi, unaopokelewa Moshi katika kituo cha kupozea umeme cha Kiyungi kwa msongo wa kilovoti 132, una masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Masafa hayo ni ya chini mno. Tofauti na eksirei, nishati yake haiwezi kuvunja vinasaba vya seli. Hata hivyo, uga wa sumaku unaozizunguka nyaya hupenya mwilini na kuzalisha mikondo dhaifu ya umeme. Uga ukiwa mkubwa sana, mikondo hiyo huweza kusisimua neva na misuli. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 uliweka kikomo cha mikrotesla 200 kwa wananchi.

Hofu kubwa zaidi ni saratani. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka uga huo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha ugonjwa huo. Tafiti zilionesha uhusiano dhaifu kati ya wastani unaozidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4 majumbani na saratani ya damu kwa watoto. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa uga ndio chanzo, kwani majaribio ya maabara hayakuunga mkono uhusiano huo. Hata hivyo, lilishauri hatua za gharama nafuu za kupunguza uga pale miundombinu mipya inapojengwa.

Hatua iliyo karibu zaidi na mwananchi ni umbali. Kuta za nyumba haziuzuii uga wa sumaku, bali uga huo hupungua haraka mtu anaposogea mbali na nyaya. Hivyo, kuheshimu mkuza wa njia ya umeme hulinda mara mbili: hupunguza uga usiothibitika kudhuru, na huepusha hatari iliyothibitika, yaani kupigwa na umeme pale mti, ngazi au bati linapogusa waya.