"Nunua Ploti Kwanza": Jibu Langu kwa Wote Waliocheka Kibanda

Ile video ya kibanda changu imefika mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti, na komenti moja inajirudia kila saa: "Nunua ploti kwanza ndio ujenge." Wengine wameongeza vicheko. Sawa tu. Leo nawajibu, bila muziki nyuma.

Kwanza kibanda chenyewe. Kiko nyuma ya nyumba ya nyanya hapa Shanzu, pembeni ya mnazi. Futi kumi kwa nane. Nguzo za mvinje, kuta za fito zilizokandikwa udongo, juu makuti. Kimenitoa karibu elfu 40 na miezi mitatu ya jasho. Chumba cha kupanga nilichokuwa naangalia kilikuwa elfu 4 kwa mwezi, kwa hivyo hesabu si ngumu: miezi kumi, pesa imerudi. Nalala humo, narekodi humo, na nyanya haniamshi tena kwa bakora eti napiga kelele usiku.

Sasa turudi kwa hiyo ploti. Mnaosema hivyo mwasahau tunaishi wapi. Huku Pwani nyumba na ardhi ni vitu viwili tofauti, kitambo sana. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu. Aliyepeleka madai yake na kuyathibitisha, akapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Watu kibao waliokuwa wakiishi na kulima bila karatasi wakajikuta wageni kwao. Na mpaka leo Mombasa kuna watu wana nyumba zao kabisa, wamezijenga au wamezirithi, lakini bado wamlipa mtu mwingine kodi ya ardhi iliyo chini yake. Nyanya yangu ni mmoja wao. Kuta ni zake. Mchanga una mwenyewe.

Kumwambia mtu kama huyo "nunua ploti kwanza" ni kumwambia asijenge milele. Nyanya angesubiri hati, mamangu angezaliwa chini ya mwembe.

Lakini sisemi ardhi si kitu. Hapo wenye komenti mna pointi, na ntawapa haki yenu. Ukisimamisha kitu kwa ardhi ya mtu, siku moja aweza kukwambia ondoa. Ukiwa umemwaga simiti, utaondoka na nini? Vumbi. Nyanya ndiye aliyenikalisha chini akanambia, "Mjukuu wangu, jenga kitu ambacho ukiambiwa uhame, utahama nacho." Ndiyo maana ya nguzo na makuti. Nguzo zachomoka, mlango wabebeka, udongo warudi ulikotoka. Na kabla sijachimba hata shimo moja, tulimwendea anayekusanya kodi ya ardhi, tukamweleza, akakubali, tukaandikiana. Ruhusa ya kaunti pia uliza mapema, usijifanye hujui.

Kwa nyie wengine mnaoandika "naanza wikendi hii", nina deni la ukweli kwenu. Video ilikuwa na sekunde 60 na maandishi "nimejenga mwenyewe". Hayo maandishi ni uongo.

Nlitaka kutumia boriti za mikoko, kwa sababu ndizo nilizoziona kwa majumba ya zamani. Fundi mmoja mzee, jirani yetu, akanisimamisha. Mikoko ndiyo inayoshika kingo za maji huko Mtwapa na ndimo samaki wanazaana, na kuikata bila leseni ni kosa. Akanambia tafuta mvinje. Huo mti uko na historia hapa hapa: mwaka 1971 René Haller alipoanza kufufua machimbo ya simiti ya Bamburi, mvinje ndio ulikubali kuota pale kwenye mawe makavu. Akanifundisha kupaka oili chafu sehemu ya nguzo inayoingia chini, kupunguza mchwa, na kuchimba futi mbili, si moja kama nilivyokuwa nimefanya.

Halafu paa. Nlikuwa nimeangalia video za watu wa ng'ambo wanaoezeka mabati, nikaweka mteremko mdogo kama wao. Mvua ya kwanza ya masika nlikaa ndani nimefunika kompyuta kwa beseni. Yule mzee alikuja asubuhi, akaangalia juu, akacheka mpaka akakohoa. "Makuti hayazuii maji," akasema, "yanayakimbiza. Sasa yatakimbia vipi na wewe umeyalaza?" Tukafungua paa zima, tukainua mti wa juu, tukaezeka upya na kubananisha makuti zaidi. Siku tatu, mimi, yeye na binamu zangu wawili. Zile siku tatu nilizikata kwenye video. Nawaomba radhi wote watatu. Na mzee nimemlipa, kwa sababu ujuzi wa mtu si "saidia tu kidogo".

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usisubiri ploti ndio uanze maisha. Anza na kidogo, kwa ruhusa, kwa kitu kinachofunguka, na mtu anayejua akiwa karibu.

Ila kuna kitu chanikosesha usingizi humo kibandani. Mwezi uliopita tumesikia fununu kwamba ardhi yetu inatafutiwa mnunuzi. Ikiwa kweli, mimi ntafungua nguzo zangu kwa siku mbili na kuondoka. Lakini nyumba ya nyanya ni ya mawe na simiti. Amelipa kodi ya ardhi tangu mamangu hajazaliwa, risiti ziko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, na haina hata ukuta mmoja wa kubeba.

Mwataka kukomenti kuhusu ardhi? Komentini kuhusu hilo. Na leo ukifika nyumbani, muulize nyanya yako pale anapolala ni pa nani. Ukishapata jibu, rudi tuongee habari ya ploti.