Hanang si Habari ya Msiba Tu

Wenzetu Ulaya mwezi Mei hupanda milima yenye theluji, kisha hushuka wakiteleza kwa ubao. Mimi mwezi huo nilipanda Hanang, mita 3,417. Theluji hakuna. Kushuka niliteleza kwa makalio kwenye tope la masika!

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Sehemu ya mlima huu ndiyo iliyomomonyoka Desemba 3, 2023, tope likaingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Waandishi tulijaa pale siku zile, kisha tukaondoka.

Nasema turudi. Vijana tunaoota Kilimanjaro tu, twendeni Hanang: tulale Katesh, tule Katesh, tumlipe mwongozaji wa palepale. Rambirambi hutolewa mara moja. Mgeni anaweza kuja kila mwaka.