Waacheni waongee kwanza

Mimi hufundisha Kiingereza katika Sekondari Msingi huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Mtaala wa umilisi (CBC) umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi, lakini kipindi ni dakika 40, na darasa likijaa, wanaoinua mikono ni wale wale. Wengine si wajinga! Nyumbani ni Kikuyu, Kikalenjin au Kikisii, uwanjani Kiswahili na Sheng. Wanaogopa kuchekwa.

Kilichonisaidia ni kuwapanga wawili wawili: mmoja muuza viazi, mwenzake mnunuzi kutoka Nakuru mjini, wavutane bei kwa Kiingereza. Msichana wa Gredi ya 7, aliyekuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa tu, alikataa katakata kupunguza bei ya gunia na akatoa sababu zake: mvua, mbolea, nauli ya lori. Sarufi iliyumba, sikumkatiza. Makosa tuliyasahihisha baadaye ubaoni bila kutaja jina la mtu.

Walimu wenzangu, kama kwenu mtoto angali anavishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, tafadhali kiondoeni muhula huu.